Picha ya Dirishani Haibahatishwi

Kalenda ya mwaka ujao ya kampuni moja hapa mjini imetoka, na picha ya mwezi wa nne ni yangu. Milima ya Uluguru, wingu limeukata mlima kiunoni, chini yake mkonge umejipanga mistari hadi macho yanachoka. Niliipiga nikiwa nimekaa kitini ndani ya SGR, treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, mkanda wa kamera shingoni. Tangu niiweke mtandaoni naulizwa swali lilelile: kaka, umepigaje? Mbona zangu zote zinatoka ukungu, kama zimetikisika?

Nitajibu, ila kwanza nitoe la moyoni. Miaka michache nyuma nilipeleka picha zangu za treni kwenye shindano. Mmoja wa waamuzi akazipitia haraka haraka, akasema mbele za watu kwamba hizo ni picha za abiria, mtu amebahatisha. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje? Lakini lile neno sijalimeza mpaka leo, na kalenda ilipotoka nilitamani kumpelekea nakala ofisini kwake. Bado nafikiria.

Kubahatisha! Haya, tuhesabu. Kutoka Dar kwenda Dodoma treni inaelekea magharibi, na Uluguru iko kusini mwa mji wa Morogoro. Maana yake mlima uko kushoto kwako. Ukikaa kulia utaambulia picha za wenzako wakipiga picha. Halafu jua. Mwezi wa sita jua letu limehamia kaskazini, kwa hiyo ukitazama kushoto linakuwa mgongoni kwako na mlima unang'aa. Mwezi wa kumi na mbili limevuka kusini, ukitazama upande uleule linakuchoma machoni, picha inatoka nyeupe kama uji. Hayo niliyajua kabla sijakata tiketi.

Tiketi yenyewe ikaniweka upande usio wangu, tena kiti cha kando ya njia ya kupita watu. Dirishani kushoto alikaa mama mmoja na kikapu chake mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Samahani mama, naomba tubadilishane kiti, nataka kupiga picha ya mlima."

"Mlima si upo siku zote?"

Akahama, huku akicheka. Tena akaniazima kanga yake ya rangi ya kahawia, na hiyo kanga ndiyo iliyookoa picha. Madirisha ya SGR hayafunguki. Kioo kinarudisha taa za ndani, uso wako, gazeti la jirani, kila kitu. Ukigusisha lenzi kwenye kioo na kuizungushia kitambaa cha rangi ya giza, hayo yote yanapotea. Wenye simu, ni hivyo hivyo. Vaeni nguo nyeusi pia. Shati jeupe linatokea kwenye kila picha.

Sasa huo ukungu. Treni hii inafika kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Shata, yaani kile kifuniko cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ikikaa wazi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, treni imeshasogea karibu nusu mita. Ukiiweka 1/2000 ya sekunde, imesogea kama sentimita mbili tu. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kasi ya shata mwenyewe. Kama yako haina, piga jua likiwa kali, itaongeza yenyewe. Tena achaneni na vitu vya karibu. Kichaka cha kando ya reli hakipigiki, lakini mlima ulio mbali unatulia. Na kwa kuwa treni ni ya umeme, nguzo zinapita mfululizo, basi nawe piga mfululizo. Katika picha kumi, nguzo itakuachia mbili tatu.

TAZARA ni dunia nyingine. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya 1970 hadi 1975, ina mabehewa ambayo dirisha unalishusha na upepo unaingia. Mwendo wake ni wa taratibu, 1/500 inatosha. Ukitoka Dar, ukishapita Kidatu kaa kulia uipate milima ya Udzungwa, na ukitaka bonde la Kilombero hamia kushoto. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda nyanda za juu kwa mahandaki, madaraja na kona, na kwenye kona unaiona injini ya treni yako mwenyewe ikiwa mbele. Hapo ndipo ninapokosa usingizi kwa raha.

Lakini ndugu zangu, wengi mnapanda treni mnalala. Mnaamka Dodoma mnauliza nipige na kamera gani. Kamera si tatizo! Soma ramani, jua upande wako, jua jua liko wapi, kaa macho. Ukiwa tayari kabla ya mlima, mlima utakukuta. Ukisubiri uuone ndipo ufungue begi, umeshapita, na hakuna dereva atakayekurudishia.

Na wale mnaochomoza mkono na simu nje ya dirisha la TAZARA mkitafuta kona nzuri: acheni. Matawi yanakwangua behewa, na handaki halipigi hodi. Kaa ndani, weka viwiko kifuani, elekeza lenzi mbele kidogo kufuata mwelekeo wa treni. Ukungu utapungua, na mkono utabaki nao.