Maswali ya Wasomaji: Kusaka Kosa Katika Sentensi ya Kiingereza

SWALI: Najiandaa na mtihani wa mchujo wa ajira. Katika sehemu ya Kiingereza, sentensi hukatwa vipande A, B na C, nawe utaje kipande chenye kosa au uchague D, yaani hakuna kosa. Tatizo langu ni kwamba kila nikisoma naona sentensi iko sawa. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na kitenzi. Ukisoma sentensi nzima kwa mkupuo, maana inaeleweka na akili inaridhika, kwa hiyo kosa linapita. Tafuta kitenzi, kipigie mstari, kisha uliza mwenye kitenzi hicho ni nani.

Tazama hii: "The list of candidates who passed the written tests were pinned on the board." Ina vitenzi viwili. Cha kwanza ni passed. Waliofaulu ni candidates, hapo hakuna shida. Cha pili ni were pinned. Kilichobandikwa ni nini? Ni list, orodha moja, kwa hiyo ni lazima iwe was pinned. Mtunzi amepanga candidates na tests, maneno mawili ya wingi, kati ya kiima na kitenzi chake, nawe ukifika kwenye were bado una wingi kichwani. Funika kwa kidole kuanzia of hadi tests, usome kilichobaki: "The list were pinned." Kosa unaliona papo hapo.

Kidole hichohicho kinafunika as well as, along with, together with na in addition to. "The manager, along with his assistants, have left" ni kosa. Sahihi ni has left. Neno and ndilo linalojumlisha watu wawili kuwa wingi, hayo mengine hayajumlishi. Kwa neither na nor, au either na or, kitenzi hufuata kiima kilicho karibu nacho: "Neither the driver nor the passengers were hurt", lakini "Neither the passengers nor the driver was hurt". A number of huchukua wingi, the number of huchukua umoja.

Mtego unaowanasa hata waliosoma vizuri ni one of. "One of my friends live nearby" ni kosa, kwa sababu anayeishi ni mmoja: lives. Lakini "She is one of those teachers who never raise their voices" haina kosa. Hapo who inarejelea teachers, na raise ni kitenzi cha hao walimu wote. Usikariri kwamba one of siku zote ni umoja; rudi kwenye swali la mwenye kitenzi.

Baada ya kitenzi na kiima, kagua wakati, halafu vihusishi. Ukimaliza bila kupata kitu, chagua D bila woga. Wengi hupoteza alama kwa kulazimisha kosa mahali ambapo halipo.

SWALI: Kwa nini "I have submitted the form yesterday" ni kosa? Kitendo si kimekamilika?

JIBU: Kimekamilika, ila tatizo ni yesterday. Katika Kiswahili tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana kosa hili linatuingia kwa urahisi. Kiingereza sanifu hakikubali have au has pamoja na wakati uliotajwa na ambao umekwisha: yesterday, last week, in 2019, two days ago. Andika "I submitted the form yesterday". Wakati ukiwa bado haujafungwa, have inaruhusiwa: "I have seen her twice this week", kwa kuwa wiki inaendelea.

Kinyume chake ni since. "I live here since 2019" ni kosa. Sahihi ni "I have lived here since 2019". Since hutaja mwanzo wa kitendo, for hutaja urefu wa muda. Ukitakiwa kuandika upya "He is working here since three years", rekebisha sehemu mbili: "He has been working here for three years."

SWALI: Makosa gani mengine hutokana na kufikiri kwa Kiswahili huku tukiandika Kiingereza?

JIBU: La kwanza ni kurudia mtendwa. Tunasema "kitabu nilichokinunua", na ile -ki- ya pili inarejelea kitabu. Ukiihamisha unapata "the book which I bought it". Ondoa it, maana which imeshafanya kazi hiyo. Ndugu yake ni "My uncle he works here": kiambishi a- cha "anafanya" kimegeuzwa he. Ondoa he.

"Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda" imezoeleka masikioni mwetu. "Although it rained, but we went" haikubaliki. Bakiza although au but, kimoja tu. "Tulijadili kuhusu suala hilo" nayo huzaa "discussed about", wakati discuss haihitaji kihusishi: "We discussed the matter." "Kuliko" je? Hutufanya tuandike than kila mahali. Prefer huchukua to, "She prefers walking to running", vivyo hivyo senior, junior, superior na inferior.

SWALI: Informations ni sahihi?

JIBU: Hapana. Information, advice, furniture, equipment na luggage hazichukui s ya wingi wala a mbele yake. Ukitaka kuhesabu, sema two pieces of information. News ina s lakini ni umoja: "The news is good."

SWALI: Niliandika "I look forward to hear from you" nikakosolewa. Si baada ya to huja kitenzi cha kawaida?

JIBU: Kuna to mbili. Moja hutangulia kitenzi, kama want to go. Nyingine ni kihusishi, nayo hudai nomino au kitenzi chenye -ing. Kuzitofautisha, weka it baada ya to. "I look forward to it" inakubalika, kwa hiyo andika to hearing. "I want to it" haikubaliki, kwa hiyo want to hear. Kipimo hiki kinafanya kazi pia kwa object to na be accustomed to. Angalia sana used to: "He used to wake early" maana yake alikuwa na desturi ya kuamka mapema, sasa hana, "He is used to waking early" maana yake ameshazoea. Tofauti inaletwa na kile kitenzi is, kwa hiyo kitafute kabla hujagusa -ing.