Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Hataza Moja Ina Bei Kuliko Nyingine?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea katika mwalo wa Igombe, Mwanza. Nimebuni kaushio la dagaa linalosukuma hewa ya moto chini ya chanja kwa feni ya sola, na miezi mitatu iliyopita niliwasilisha maombi ya hataza (patent) BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Mfanyabiashara mmoja wa Kirumba anataka kununua haki zote mapema, kwa madai kwamba hataza zote ni sawa kwa kuwa cheti ni kilekile. Nasikia ng'ambo huuzwa kwa mabilioni. Thamani yake hupimwaje?
Fundi wa Igombe

JIBU: Ndugu Fundi, mfanyabiashara huyo anasema kweli kuhusu cheti tu. Hataza humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake, na mipaka ya haki hiyo huwekwa na sehemu moja ya maombi iitwayo madai, yaani maelezo ya kile hasa unachotaka kilindwe. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, lisome upya dai lako la kwanza. Tuseme umeandika «kaushio lenye fremu ya chuma, wavu wa nailoni, feni moja ya sola na bomba la inchi nne». Mshindani atakayetumia fremu ya mbao na bomba la inchi tatu atajitetea kwamba yuko nje ya dai hilo, na huenda akashinda, hata kama mwalo mzima unajua wazo ni la nani. Ukiandika badala yake kwamba kaushio lina chanja, chanzo cha joto kilicho chini yake, na kifaa cha kupandisha hewa ya moto kupita katikati ya samaki, itakuwa vigumu zaidi kukukwepa. Hata hivyo usivuke mpaka: ukidai kila chanja inayokausha dagaa kwa jua, yeyote ataonyesha kwamba chanja za namna hiyo zilikuwepo ziwani kabla ya maombi yako, na dai litaanguka.

Mfano mzuri ni wa George Selden, wakili wa Marekani aliyewasilisha maombi ya hataza ya gari mwaka 1879 na kuipata mwaka 1895. Kwa miaka kadhaa watengenezaji wa magari walimlipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi wake, hadi Henry Ford alipokataa. Mwaka 1911 mahakama ya rufaa iliamua kwamba hataza ni halali, ila inahusu magari yenye injini ya aina ya Brayton, wakati Ford alitumia ya aina ya Otto. Cheti kilibaki mikononi mwa Selden bila kasoro, na malipo yakakoma.

Mabilioni uliyoyasikia ni ya kweli. Mwaka 2011 hataza na maombi takriban 6,000 ya kampuni ya Nortel, iliyokuwa imefilisika, yaliuzwa kwa dola bilioni 4.5, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo Apple na Microsoft. Usigawanye tu bei hiyo kwa idadi. Katika fungu kama hilo chache ndizo hubeba bei, hasa zinazogusa teknolojia ambayo watengenezaji wa simu hawawezi kuiepuka, na nyingine husindikiza. Ndiyo maana wamiliki wengi huacha kulipia ada za kila mwaka kabla muda haujaisha: wenyewe wameona hazirudishi gharama.

Kwako wewe kuna jambo la kufurahisha: kaushio huonekana kwa macho, hivyo anayekuiga ufukweni hawezi kujificha kama anayeiga mchakato ndani ya kiwanda. Upungufu ni eneo. Hataza ya Tanzania haimzuii fundi wa Kisumu wala wa Entebbe, nako dagaa wanakaushwa vilevile. Kwa Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, una miezi 12 tangu maombi ya kwanza kuomba kwingine bila kupoteza tarehe ya maombi hayo ya kwanza, na kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, ombi moja linaweza kutaja Kenya na Uganda pamoja. Mitatu kati ya miezi hiyo imekwisha kupita, na mnunuzi anayekuharakisha huenda anaijua hesabu hiyo.

Kwa maoni yangu usiuze sasa. Mpe leseni ya kutengeneza Tanzania pekee, kwa mrabaha wa kila kaushio linalouzwa, na mkataba utamke kwamba haki ya kuomba nchi nyingine inabaki kwako. Akikataa kifungu hicho cha mwisho, muulize anakusudia kuuzia wapi.