Posta ya Kanada: mgomo utapita, lakini barua za mlangoni ndiyo zinaondoka

Mkuu, umeuliza kama kadi yako ya ukaazi inaweza kupotea mgomo wa posta ukirudi huku Kanada, na kama ni kweli barua za mlangoni zinafutwa. Migomo yote miwili ya juzijuzi imenikuta huku, acha nikueleze.

Kadi haipotei. Wafanyakazi wapatao 55,000 walipogoma Novemba 15, 2024, vitu vilivyokuwa tayari vimeingia kwenye mfumo vilifungiwa ndani mpaka walipoamriwa kurudi kazini Desemba 17. Usijisumbue kuvifuata, hakuna wa kukufungulia. Kwa hiyo tetesi za mgomo zikianza, mimi pasipoti na vyeti halisi natuma kwa kampuni binafsi ya vifurushi. Bei inauma, lakini ukiwa na miadi ya uhamiaji huna namna. Fedha za serikali za kusaidia kulea watoto nazo jisajili ziingie benki moja kwa moja, usingoje cheki.

Mgomo wa pili ulianza Septemba 25, 2025, siku ileile Joël Lightbound, waziri aliyekuwa akisimamia posta, alipotangaza kwamba anwani milioni 4 ambazo bado zinapelekewa mlangoni zihamishiwe kwenye visanduku vya pamoja. Hilo ndilo la kujipanga nalo. Barua zilikuwa bilioni 5.5 mwaka 2006, sasa ni kama bilioni 2, huku nyumba za kuhudumiwa zikiongezeka kila mwaka. Hata migomo ikiisha kabisa, hesabu hiyo haibadiliki.

Kwa sisi tuliokulia kwenye S.L.P. si jambo geni. Kabati la chuma linasimama mtaani, kila nyumba na mlango wake mdogo. Ukikuta ndani ya kisanduku chako kuna ufunguo mwingine wenye namba, usishangae: kifurushi chako kiko kwenye mlango mkubwa wa kabati hilohilo. Ukishafungua, ufunguo unabaki kwenye kitasa, huondoki nao. Wageni wengi hawautumii ufunguo huo wakidhani ni wa jirani, na kifurushi kinabaki palepale.

Ninachokiogopa ni wazee. Umesema unaishi na mama na miguu inamsumbua. Januari njia imejaa barafu na kitasa kimeganda, mtu mzima wa miaka sabini hapaswi kutumwa huko kwa ajili ya bahasha. Posta ina utaratibu wa wenye shida ya kutembea: unaweza kuomba ufunguo wa ziada wa mtu wa kumsaidia, au barua zake ziletwe nyumbani mara moja kwa wiki. Maombi yapo na ni haki yake, ila wengi wetu hatuyajui kwa sababu taarifa ziko kwa Kiingereza na Kifaransa tu. Mjazie fomu mara tu mtaa wenu utakapopata notisi ya kuhamishwa. Ukikwama kwenye kuijaza andika hapahapa kwenye uzi, nitakusaidia.