Maswali ya wasomaji: Kula bata na kucheza mpira

SWALI: Nina miaka 22, nacheza kiungo katika timu ya ligi ya chini hapa Arusha. Mechi ni Jumapili saa kumi jioni, mazoezi Jumatatu saa mbili asubuhi. Tukishinda, machalii wanataka tule bata hadi usiku mkubwa. Bia nne zina ubaya gani ikiwa kazi nimeshamaliza? – Msomaji, Ngarenaro

JIBU: Kazi hujaimaliza, mdogo wangu. Misuli iliyochanika uwanjani hujengwa usiku huo huo.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Ini la watu wengi huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na supu ya asubuhi, kahawa kali au maji ya baridi haviliharakishi. Chupa 4 ni gramu 80. Ukianza saa tatu usiku, kilevi kinaisha mwilini kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili na nusu asubuhi, wakati kocha ameshapuliza filimbi. Konyagi inadanganya zaidi: kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina gramu 55, karibu bia tatu. Mbege ndiyo kabisa, haina lebo, na inaendelea kuchachuka chomboni, hivyo ya jioni si ile ya asubuhi.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwanywesha vijana 8 wa mazoezi kiasi ambacho kwa mtu wa kilo 70 ni kama bia tano. Ujenzi wa misuli yao ulipungua kwa asilimia 24 hata walipopewa protini, na kwa asilimia 37 walipopewa wanga tu. Ni kundi dogo na dozi nzito, lakini wangapi mezani kwenu huishia bia ya tano?

Ukiamua kutoka, anza na mzani. Jipime kabla na baada ya mechi. Kila kilo iliyopungua, rudisha lita moja na robo hadi moja na nusu za maji, kidogo kidogo. Ndani ya saa moja kula wali na maharage, nyama au mayai, au kunywa maziwa. Ndipo bia moja au mbili, ukiwa umeshiba, na saa nne usiku uwe kitandani. Umeteguka au umepigwa paja? Hapo usiguse pombe kwa saa 72: hupanua mishipa ya damu, uvimbe ukaongezeka, na hupoza maumivu ambayo yangekuzuia kuukanyagia mguu mbovu. Na ndani ya siku mbili kabla ya mechi, usinywe kabisa.

Anayekunywa soda hadi saa tisa usiku asijisifu pia. Usingizi wake umekwenda vilevile.

SWALI: Mwanangu alisajiliwa msimu huu. Sasa anarudi alfajiri, na nikimsema ananitajia George Best, eti alikunywa na bado akawa nyota. Nimjibu nini? – Mama wa mchezaji, Majengo, Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie amalizie hadithi. Best alikuwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1968, lakini Januari 1974, akiwa na miaka 27, alikuwa ameshaondoka Manchester United. Mwaka 2002 alipandikizwa ini, na mwaka 2005 akafariki akiwa na miaka 59. Kama anataka mfano wa mnywaji, achukue Tony Adams wa Arsenal: alifungwa jela kwa kuendesha gari amelewa, akaacha pombe mwaka 1996, kisha kama nahodha akachukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1998 na 2002.

Wewe tazama asubuhi. Mikono ikitetemeka hadi apate funda la kwanza, akificha chupa, au akikosa mazoezi kwa visingizio, hilo si bata tena. Mtu wa namna hiyo usimfungie ndani aache ghafla, anaweza kupata degedege. Mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC aachishwe chini ya daktari. Kama bado hajafika huko, zungumzeni kuhusu pesa ya usajili kabla haijaisha, na someni pamoja kipengele cha nidhamu katika mkataba wake.

SWALI: Pombe ni dawa iliyokatazwa michezoni? Na mirungi? – Msomaji, Arusha

JIBU: Pombe haimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Mirungi ina kathini, kemikali ya kuchangamsha mwili, inayokatazwa wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, mbali na kwamba mirungi yenyewe ni haramu kisheria Tanzania. "Wakati wa mashindano" huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi. Bangi nayo imo, na mabaki yake hukaa kwenye mkojo kwa siku kadhaa, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki. Ya Jumatano inaweza kukuumbua Jumapili.