Jibu: Redio ya setilaiti kwenye gari la kufunguka paa

Salamu kutoka Raskazone, ndugu. Unasema redio ya setilaiti ya gari lako lililotoka Marekani iko kimya tangu lifike Tanga, na unataka kubadilisha antena. Usitupe fedha: setilaiti za SiriusXM, kampuni ya redio hiyo, zinahudumia Amerika Kaskazini, hivyo hata antena mpya haitapata kitu huku.

Ishughulikie FM. Kwanza tazama kama redio inaruka kutoka 88.1 hadi 88.3, maana za Marekani hupita kwenye desimali witiri tu na kuziacha stesheni za katikati. Ikiwa hivyo, tafuta mpangilio wa eneo kwenye menyu ya redio uubadilishe. Kisha fungua kitako cha antena. Changu, kwa chumvi hii ya bahari, kilikuwa na kutu ya kijani kwenye waya wa ethi (unaounganisha antena na bodi ya gari). Nilipoupiga msasa na kuukaza upya, mkwaruzo wa sauti uliisha.