Maswali ya Wahariri wa Video: Jiwe Limetulia, Maandishi Yanaogelea

Shikamoo fundi. Nimepiga sendofu kwa simu, karibu saa nzima bila kukata. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda sawa, ila kufika hotuba ya baba mdogo vimeshapishana. Tatizo ni Premiere Pro, programu ninayohariria, au laptopu yangu? (Kijana wa Igoma)

Marahaba. Vyote vizima, chanzo ni simu. Simu nyingi hupunguza zenyewe fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, mwanga ukififia, ili kila fremu ipate muda zaidi wa kushika mwanga. Taa za ukumbi zikizimwa keki ikiingia, fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka hadi 24, zikiwashwa zinapanda tena. Sauti haina habari na hayo, inakwenda kwa saa. Programu ikizihesabu fremu kana kwamba zimepangwa sawasawa, pengo linakua kidogo kidogo, ndiyo maana hukuliona mapema.

Usianze kuikata sauti vipande na kuisogeza kwa mkono. Mimi nilishakesha nikifanya hivyo, na asubuhi bwana harusi alikuwa bado anaongea kama filamu iliyotafsiriwa. Pitisha faili kwenye HandBrake, ni programu ya bure. Kwenye ukurasa wa Video weka 30, kisha chagua Constant Framerate, yaani kasi ya fremu isibadilike. Faili jipya ndilo la kuhariri. La zamani usilifute kwanza.

Flashi yangu ni ya GB 64, haina kitu, lakini nikitaka kuweka harusi ya GB 6 inakataa, inasema faili ni kubwa mno. (Buzuruga)

Imeumbizwa (imefomatiwa) kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Iumbize upya kwa exFAT. Ukishafanya hivyo kila kilichokuwemo kimekwenda, kwa hiyo hamisha vyako kwanza.

Fundi, nimepiga video nikiwa kwenye mtumbwi, nataka jina la kampuni ya mteja lisimame juu ya Bismarck Rock, lile jiwe la Mwanza lililo ndani ya Ziwa Victoria. Nimetumia kifuatilia kamera cha programu ya After Effects, lakini jina linayumba kama limelewa. (Dada wa Kirumba)

Dada, hili swali nalipenda kwa sababu limenitesa. Programu ile hutafuta vitone inavyodhani vimetulia, halafu kwa jinsi vinavyosogea kwenye picha inakisia kamera imekwendaje. Sasa angalia picha yako: nusu nzima ya chini ni Ziwa. Kila kimulimuli cha jua juu ya wimbi ni kitone cheupe chenye ncha kali, programu inakishika kwa furaha, na wimbi likipita kinakwenda nalo. Jina lako linafuata maji.

Baada ya uchambuzi, zungushia vitone vyote vilivyokaa majini, vifute, na programu itapiga hesabu upya. Futa pia vya mitumbwi inayopita, mawingu, na wale ndege waliotua kileleni. Bakiza vya jiwe na vya majengo ya Capri Point nyuma yake. Bado linayumba? Rudi mwanzo: lifunike Ziwa lote kwa maski (umbo la kuficha sehemu ya picha), ifungashe klipu hiyo pamoja na maski yake kama komposisheni ya ndani (pre-comp), uchambue hiyo. Na siku nyingine ukipiga umesimama ufukweni, kamera ikiwa kwenye stendi inageuka tu, iambie programu hivyo kwa kuchagua Tripod Pan. Ikiachwa ikisie, wakati mwingine inaamini ulikuwa unatembea.

Video ya ukumbini ina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Ni efekti gani inaiondoa? (Nyegezi)

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa duni huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikiwa 1/60 au 1/125 ya sekunde mistari inajitokeza. Weka 1/50 au 1/100. Kwa uliyokwisha kupiga, programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina efekti ya kupunguza mpepeso wa taa, ila iko kwenye toleo la kulipia, dola 295. Mistari mipana usitegemee itafutika yote. Mwambie mteja mapema.

Umeme umekatika nikiwa katikati ya kazi, laptopu haina betri. Sasa mradi wa Premiere Pro haufunguki. (Mpiga picha, Sengerema)

Pole, ndugu yangu. Kwenye folda ulimohifadhi mradi kuna folda nyingine, Auto-Save. Panga mafaili yake kwa saa, fungua la mwisho kabla ya giza. Likigoma, chukua linalotangulia. Na yote yakigoma, anza mradi mtupu, kisha uingize ule mbovu ndani yake, mara nyingine hukubali. Ukifanikiwa, uhifadhi kwa jina jipya kabla hujagusa klipu hata moja.