Maji ya kijani na pampu ya dizeli

SWALI: Shikamoo mama. Nafuga sato hapa Sengerema. Bwawa langu lina mita za mraba 100 na maji yake ni ya kijani. Kijana mmoja aliyetoka chuo ameniambia ukijani ule ni mwani mdogo wenye mafuta, na kwamba nikiunyima mbolea mafuta yataongezeka maradufu. Je, naweza kupata dizeli ya kuendeshea pampu yangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kijana hakukudanganya, ila habari kakupa nusu. Mwani ukikosa naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, hauwezi kutengeneza protini, na bila protini hauzaliani. Jua nalo haliachi kuuwakia, basi chakula unachotengeneza unakiweka akiba ya mafuta. Kila chembe inanona kweli, lakini bwawa limeacha kukua.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme umelitunza vizuri, kila mita ya mraba ikakupa gramu 10 za mwani mkavu kwa siku: hiyo ni kilo 1. Mafuta yakiwa asilimia 20, una gramu 200. Sasa unyime mbolea. Mafuta yapande hadi asilimia 40, ukuaji ushuke hadi gramu 4. Mwani ni gramu 400, mafuta gramu 160. Umepata hasara!

Idara ya Nishati ya Marekani ililikuta jambo hili hili katika mradi wake wa mafuta ya mwani wa mwaka 1978 hadi 1996. ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani, nao waliingia mwaka 2009, na mwaka 2017 watafiti wao na wenzao wakatangaza wamebadili jeni za mwani uitwao Nannochloropsis, mafuta yakaongezeka maradufu bila ukuaji kudorora sana. Hata hivyo, mwaka 2023 habari zikatoka kwamba wamejitoa.

Mimi nililea mwani wa kulishia vifaranga vya samaki huko pwani, na kilichotutoa jasho ni kuuvuna. Katika lita moja ya maji ya bwawa unaweza kukuta nusu gramu tu, kwa hiyo kilo yako moja imetawanyika ndani ya lita 2,000. Chembe nyingine ni ndogo kiasi kwamba zinapita kwenye kitambaa pamoja na maji. Utahitaji mashine ya kuzungusha kwa kasi, kama ile ya kutenganishia krimu ya maziwa, na mashine hiyo inataka umeme. Halafu ukaushe, ukamue, uchanganye na methanoli (spiriti yenye sumu) na magadi makali (kostiki soda) ndipo upate dizeli. Pampu ingekunywa mafuta ya siku nzima kabla hujamwagilia tuta la pili.

Na ukiunyima mwani mbolea, sato ndio watakaolala njaa, maana ndicho chakula chao. Zamisha mkono taratibu: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa bado mbali na kiwiko, mwani umezidi, punguza samadi. Alfajiri ukiwaona samaki wanahema juu ya maji, ongeza maji safi siku hiyo hiyo. Fedha uliyotaka kununulia mashine, ulizia pampu ya sola.